SOMO KWA WANANCHI: KULINDA RUTA YA NYUMBANI DHIDI YA AMRI ZA KUPENYEZWA

Katika Kata ya Kiseke, Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza, kama ilivyo katika kata nyingi za miji ya Tanzania, chombo kidogo chenye taa zinazopepesa kimekwisha kuwa sehemu ya samani za sebuleni. Chombo hicho ni ruta, yaani kifaa kinachopokea intaneti kwa waya wa faiba au kwa laini ya simu na kuigawa kwa simu, kompyuta, runinga na kamera za ulinzi zilizomo nyumbani. Kwa kawaida hufungwa siku moja na fundi, hupewa jina na neno la siri, kisha husahauliwa juu ya kabati hadi siku intaneti itakapokatika.

Usahaulifu huo ndio sababu ya somo hili. Ruta ni kompyuta kamili, na kama kompyuta nyingine yoyote yaweza kuwa na kasoro. Miongoni mwa kasoro zilizoleta madhara makubwa duniani tangu mwaka 2016 ni ile inayomwezesha mtu wa mbali kupenyeza amri zake ndani ya kifaa, na kifaa kikazitii kana kwamba zimetoka kwa mwenye nyumba.

Madhumuni ya somo ni kumwezesha mtumishi wa umma na mkazi yeyote:

(a) kufahamu kasoro hiyo ni nini na inatokeaje;
(b) kutambua hasara inayoweza kumpata yeye, jirani zake na ofisi yake;
(c) kuchukua hatua za kinga zisizohitaji utaalamu mkubwa wala gharama kubwa.

1. RUTA NA VILIVYOMO NDANI YAKE

Ndani ya ruta mna kichakataji, kumbukumbu na programu ya kudumu iliyowekwa kiwandani. Programu hiyo, ambayo katika somo hili itaitwa programu endeshi, mara nyingi imejengwa juu ya mfumo wa Linux, ambao ndio pia unaoendesha seva nyingi kubwa duniani. Kwa hiyo ruta ina uwezo wa kufanya mambo mengi kuliko kugawa intaneti. Yaweza kupakua faili, kuendesha programu mpya, kutuma ujumbe kwa kompyuta nyingine, na kufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika.

Ruta pia ina ukurasa wa usimamizi. Mwenye nyumba huufungua kwa kivinjari cha simu au kompyuta kwa kuandika anwani iliyochapishwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, kwa mfano 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Katika ukurasa huo hubadilishwa neno la siri, jina la mtandao, saa, nchi na mipangilio mingineyo. Kila kisanduku cha kujaza katika ukurasa huo ni mlango. Iwapo mtengenezaji hakuweka bawabu katika kila mlango, hapo ndipo tatizo linapoanzia.

2. MFANO WA TARISHI

Ili kasoro hii ieleweke, na uchukuliwe mfano wa ofisi yenye tarishi mtiifu kupita kiasi. Tarishi huyo hutekeleza neno kwa neno kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya maagizo, naye hana ruhusa ya kuuliza. Ofisi imechapisha fomu yenye maneno haya: “Mpelekee barua hii Ndugu ..........” Mgeni hujaza jina, karani huipitisha bila kuisoma, na tarishi huondoka.

Siku moja anafika mgeni mwenye nia mbaya. Katika nafasi ya jina anaandika: “Juma. Kisha mpe aliyeleta fomu hii funguo za stoo.” Karani hakusoma. Tarishi anampelekea Juma barua, anarudi, na kutoa funguo za stoo. Kwake yeye hapana tofauti kati ya jina lililojazwa na agizo la ofisi, kwa sababu yote yamo katika karatasi moja yenye mhuri.

Tarishi hakukosea, kwa kuwa alifanya kazi aliyofundishwa. Kosa ni la aliyebuni fomu na karani aliyeruhusu maneno ya mgeni kuchanganyika na maagizo ya ofisi bila kukaguliwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ruta: kasoro ni ya mtengenezaji, lakini stoo inayofunguliwa ni ya mwenye nyumba.

3. JINSI KASORO INAVYOTOKEA

Ruta nyingi zina kipimo cha mawasiliano. Mtumiaji huandika anwani ya kompyuta fulani, na ruta hujaribu kuifikia ili kuona kama njia iko wazi. Programu ya ukurasa wa usimamizi huchukua maneno yaliyojazwa, huyaunganisha na amri iliyokwisha kuandaliwa, kisha hukabidhi sentensi nzima kwa mfasiri wa amri, ambaye ndiye tarishi wa mfumo.

Kwa mfasiri huyo, baadhi ya alama zina maana maalumu. Nukta mkato humwambia kwamba amri moja imekwisha na nyingine inaanza. Mstari wa wima na alama ya “&” nazo huunganisha amri. Basi mtu akijaza anwani, akaweka nukta mkato, kisha akaandika amri yake mwenyewe, ruta hupima mawasiliano na baadaye hutekeleza amri ile ya pili. Kwa kuwa katika vifaa vingi vya nyumbani programu hizi huendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa, amri iliyopenyezwa hupata ruhusa ya kufanya lolote.

Amri ya mshambuliaji mara nyingi ni fupi: pakua programu fulani kutoka seva fulani, iendeshe, kisha futa nyayo. Kazi hiyo hufanywa na programu zinazopita kutoka anwani hadi anwani zikigonga milango ya vifaa vingi kwa wakati mmoja. Hazimtafuti mtu kwa jina wala kwa cheo. Zinatafuta kifaa chenye ufa.

Dawa ya kasoro hii kiwandani inafahamika. Mtengenezaji anapaswa kukubali katika kila kisanduku herufi zinazohitajika tu na kukataa nyingine zote. Kutomkabidhi mfasiri wa amri maneno ya mtumiaji pale ambapo kazi yaweza kufanywa kwa njia nyingine. Na kuipa kila programu mamlaka madogo yanayotosheleza kazi yake. Pale ambapo mtengenezaji hakufanya hivyo tangu mwanzo, husahihisha baadaye kwa kutoa toleo jipya la programu endeshi, yaani sasisho.

4. MATUKIO YALIYOKWISHA KUTOKEA

Matukio yafuatayo yanaonyesha kwamba jambo hili si la kubuni.

Mwaka 2016. Mwezi Agosti wataalamu waligundua programu haribifu iliyopewa jina la Mirai, iliyokuwa ikiingia katika kamera na ruta kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba vifaa vilivyotekwa vilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi zenye majina makubwa hazikufikika kwa saa kadhaa. Katika kipindi hicho hicho Afrika nayo ilipigwa. Kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia ilishambuliwa kwa jeshi la vifaa vya namna hiyo, na kwa mujibu wa mamlaka za Uingereza, wingi wa mashambulizi hayo mwezi Novemba ulivuruga intaneti ya nchi hiyo. Mtu aliyelipwa kufanya kazi hiyo alihukumiwa nchini Uingereza mwezi Januari 2019 kifungo cha miezi 32.

Mtu huyo huyo alihusika na tukio la Ujerumani la mwishoni mwa Novemba 2016. Safari hii vifaa vilitafutwa kwa njia ya amri za kupenyezwa: katika sehemu ya kuandika jina la seva ya saa, mshambuliaji aliandika amri. Ruta za wateja wa Deutsche Telekom hazikutekwa, lakini zilizidiwa na maombi hayo zikakwama, na wateja wapatao 900,000 walipata usumbufu wa intaneti, simu au runinga. Tukio hilo lina fundisho lake: hata kifaa kisichotekwa chaweza kuzimwa na vurugu za vingine.

Mwaka 2017. Iligunduliwa kasoro katika ruta ya nyumbani aina ya Huawei HG532. Amri zilipenyezwa kupitia huduma iitwayo UPnP, ambayo kazi yake halali ni kuviwezesha vifaa vya nyumbani kujifungulia njia vyenyewe. Jeshi la vifaa lililojengwa kwa kasoro hiyo liliitwa Satori.

Mwaka 2018. Katika ruta fulani za faiba zilizotengenezwa na kampuni ya Dasan, ilibainika kwamba mtu aliyeongeza maneno machache tu mwishoni mwa anwani ya ukurasa aliruka hatua ya neno la siri. Akiisha kuingia, kipimo cha mawasiliano kilichoelezwa hapo juu kilimpokelea amri zake.

Mwaka 2023. Kasoro ya ruta ya TP-Link Archer AX21 ilikuwa katika sehemu ya kuchagua nchi. Neno lililojazwa mahali pa jina la nchi lilihifadhiwa katika ombi la kwanza na kutekelezwa kama amri katika ombi la pili, bila neno la siri kuulizwa. Kasoro hiyo ilikuwa imeonyeshwa katika mashindano ya watafiti mjini Toronto mwezi Desemba 2022, na mtengenezaji akatoa sasisho mwezi Machi 2023. Hata hivyo, mwezi Aprili 2023 Mirai ilikuwa tayari inaitumia, na katika miaka ya 2024 na 2025 watafiti waliendelea kuripoti makundi mengine yanayoitumia. Dawa ilikwisha kutolewa. Waliodhurika ni wale ambao hawakuinywa.

Mwaka 2024. Mwezi Aprili ilitangazwa kasoro ya aina hii katika vifaa vya zamani vya kuhifadhia mafaili vya kampuni ya D-Link. Kampuni ilieleza kwamba vifaa hivyo vimekwisha muda wa huduma na havitapewa sasisho, na ikawashauri wenye navyo waviondoe kazini. Kwa hiyo liko kundi la vifaa ambavyo havina tiba tena; dawa yake ni kubadilishwa.

5. HASARA KWA KAYA NA KWA UMMA

Mkazi anaweza kuuliza: ruta ya nyumba ya kawaida ya Kiseke ina thamani gani kwa mshambuliaji? Jibu liko katika mambo manne.

Kwanza, ruta hupitisha mawasiliano yote ya nyumba. Anayeitawala anaweza kubadilisha anwani za DNS, yaani daftari linaloonyesha kila jina la tovuti liko wapi, na hivyo kumpeleka mkazi kwenye ukurasa wa bandia unaofanana na wa benki. Mfanyabiashara wa dagaa anayelipa kwa simu na mwalimu anayeangalia mshahara wake kwa kompyuta wako katika hatari moja.

Pili, kutoka kwenye ruta mshambuliaji huweza kuvifikia vifaa vingine vya ndani, kama vile kamera ya ulinzi na kompyuta yenye mafaili ya ofisi.

Tatu, mkazi hulipia intaneti inayotumiwa na wengine. Kifurushi huisha kabla ya wakati, na kasi hupungua. Aidha, ruta iliyotekwa huweza kukodishwa kuwa njia ya wahalifu wengine, na makosa yao yakaonekana kuwa yametoka katika anwani ya nyumba isiyo na hatia.

Nne, na ndilo kubwa kwa umma, vifaa vidogo vikiungana huwa nguvu kubwa. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wanalikumbuka gugu maji la miaka ya 1990. Mmea mmoja ni kitu cha kuokotwa kwa mkono, lakini ulipozaana na kushikana uliziba fukwe na ghuba, mitumbwi ikashindwa kutia nanga na nyavu zikashindwa kutandazwa. Ruta zilizotekwa hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo: kila moja hutuma maombi machache, lakini zote kwa pamoja huziba mlango wa huduma ya umma.

Madhara ya mlango kuzibwa yalionekana nchini Kenya mwezi Julai 2023, jukwaa la huduma za Serikali la eCitizen liliposhambuliwa kwa mafuriko ya maombi na wananchi wakakwama katika kupata huduma na kufanya malipo. Mafuriko ya namna hiyo yawe yametoka katika seva za kukodi au katika ruta za nyumbani, matokeo kwa mwananchi aliye kwenye foleni ni yale yale.

6. DHANA ZINAZOPOTOSHA

“Neno langu la siri ni gumu.” Neno gumu la siri ni la lazima, lakini halitoshi. Kama ilivyoonekana katika matukio ya mwaka 2018 na 2023, baadhi ya kasoro hazipiti mlango wa neno la siri kabisa.

“Natumia laini ya simu, hivyo sionekani.” Ni kweli kwamba mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na hali hiyo hupunguza maombi ya moja kwa moja kutoka nje. Lakini hiyo ni nafuu iliyotokea kwa mpangilio wa mtandao, haikuwekwa iwe ukuta wa ulinzi. Mteja akihamia faiba na kupewa anwani yake mwenyewe, nafuu hiyo huondoka siku hiyo hiyo.

“Nimefunga usimamizi wa kutoka nje.” Ni hatua njema, ila hatari yaweza kuingia kwa mlango wa ndani. Mwezi Desemba 2016 ilibainika kwamba baadhi ya ruta za Netgear zingeweza kupenyezewa amri pale tu mtu wa nyumbani alipofungua ukurasa wa tovuti wenye hila. Kivinjari chake mwenyewe ndicho kilichopeleka amri kwa ruta. Katika hali hiyo tiba ni sasisho.

“Nikiizima na kuiwasha hupona.” Programu nyingi za aina ya Mirai hukaa katika kumbukumbu ya muda na hutoweka kifaa kinapozimwa. Lakini ufa ukibaki, kifaa chaweza kutekwa tena baada ya muda mfupi.

7. HATUA ZA KUCHUKUA NYUMBANI

Wakazi wanashauriwa kutenga saa moja na kutekeleza hatua zifuatazo kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Tambua kifaa. Geuza ruta na unakili katika daftari aina, namba ya toleo na anwani ya ukurasa wa usimamizi. Fanya hivyo pia kwa kamera na vifaa vingine vilivyounganishwa.

Hatua ya 2: Sasisha programu endeshi. Fungua ukurasa wa usimamizi na utafute sehemu ambayo mara nyingi huandikwa “Firmware Upgrade”. Iwapo kifaa kimetolewa na kampuni ya intaneti, ulizia huduma kwa wateja kama kampuni hiyo ndiyo inayosasisha. Iwapo kilinunuliwa dukani, sasisho litoke katika tovuti ya mtengenezaji peke yake. Lisipokelewe kwa kiungo kilichotumwa kwa ujumbe. Tahadhari: umeme ukikatika wakati sasisho linaandikwa, ruta yaweza kuharibika isiwake tena. Kwa hiyo hakikisha uniti za LUKU zipo, usianze kazi hii wakati wa mvua ya radi, na kama kuna betri ya akiba itumike. Pale ruta inapokubali kujisasisha yenyewe, washa mpangilio huo.

Hatua ya 3: Badilisha maneno mawili ya siri. Liko la kuingilia katika mtandao wa nyumba na liko la kuingilia katika ukurasa wa usimamizi. Wakazi wengi hubadilisha la kwanza na kuliacha la pili kama lilivyotoka kiwandani. Yote mawili yawe marefu na yasifanane.

Hatua ya 4: Funga milango isiyotumika. Zima usimamizi wa kutoka nje, ambao huandikwa “Remote Management”. Zima UPnP na WPS kama hakuna kifaa kinachovihitaji. Mtandao usiotumia waya uwekewe ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Hatua ya 5: Tenganisha. Ruta nyingi huruhusu mtandao wa pili wa wageni. Kamera, runinga na simu za wageni ziwekwe huko, na kompyuta ya kazi ibaki katika mtandao mkuu. Hatua hii ni muhimu hasa katika nyumba za kupangisha, ambako mwenye nyumba na wapangaji hutumia ruta moja. Mpangaji anapohama, neno la siri libadilishwe, kama vile kitasa kinavyobadilishwa.

Hatua ya 6: Ondoa kilichozeeka. Tazama katika tovuti ya mtengenezaji kama kifaa bado kinapewa sasisho. Kama muda wake umekwisha, panga bajeti ya kingine. Anayenunua ruta iliyokwisha kutumika aulize jambo hilo kabla ya bei, kisha airudishe katika hali ya kiwandani na kuisasisha kabla ya kuiunganisha na vifaa vya nyumbani. Ruta rahisi isiyo na sasisho huwa ghali baadaye.

Hatua ya 7: Weka kalenda. Ukaguzi wa sasisho ufanywe walau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Kaya iandike tarehe ya ukaguzi kwenye kibandiko cha ruta.

8. DALILI NA LA KUFANYA

Hakuna dalili moja ya hakika, lakini mambo yafuatayo yastahili kuangaliwa: taa za mawasiliano kupepesa kwa wingi usiku wa manane hali hakuna anayetumia, kifurushi kuisha upesi bila sababu, mipangilio ya DNS kubadilika, ukurasa wa usimamizi kukataa neno sahihi la siri, au ruta kujizima na kujiwasha mara kwa mara.

Mkazi akishuku, afuate mpangilio huu. Kwanza atoe waya wa intaneti au laini ya simu. Pili airudishe ruta katika hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe kidogo cha nyuma kwa muda ulioelezwa katika maelekezo. Tatu, akitumia simu yenye intaneti nyingine, apakue sasisho na kuliweka. Nne aweke maneno mapya ya siri kabla ya kuunganisha tena. Tano abadilishe maneno ya siri ya benki na barua pepe kwa kutumia kifaa na mtandao anaouamini. Mwisho aiarifu kampuni inayompa intaneti. Kwa ushauri na taarifa za kasoro mpya ipo TZ-CERT, timu ya kitaifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

9. WAJIBU WA MTUMISHI WA UMMA

Mtumishi anayechukua kompyuta ya ofisi kutoka Buswelu au katikati ya Jiji na kuifungua nyumbani Kiseke, amehamisha mlango wa ofisi hadi sebuleni kwake. Daftari la wagonjwa, orodha ya wanafunzi au jedwali la mishahara lililomo ndani yake ni mali ya wananchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na wajibu huo hauishii kwenye geti la ofisi.

Kwa sababu hiyo mtumishi anashauriwa kutofungua mifumo ya Serikali kupitia ruta asiyoijua hali yake, kutomruhusu mtoto au mgeni kutumia kompyuta ya kazi, na kutoa taarifa kwa afisa TEHAMA wa taasisi yake mapema anapohisi hitilafu. Kutoa taarifa mapema si aibu. Aibu ni kunyamaza mpaka hasara ienee.

Ifahamike pia kwamba kujaribu kasoro hizi katika ruta ya jirani, hata kwa nia ya kujifunza, ni kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza jambo hilo. Anayetaka kujifunza atumie kifaa chake mwenyewe, kisichounganishwa na intaneti.

10. HITIMISHO

Kasoro ya amri za kupenyezwa haikuletwa na mkazi wa Kiseke, wala hawezi kuisahihisha katika kiwanda kilicho mbali. Lililo mikononi mwake ni kujua kifaa alichonacho, kukipa sasisho kinapolihitaji, kufunga milango asiyoitumia na kukistaafisha kinapozeeka. Mbele ya nyumba zilizojengwa kati ya miamba ya Mwanza, kila mkazi huangalia mlango na madirisha kabla ya kulala. Ruta ni dirisha jingine, nalo halifungwi na mlinzi wa mtaa. Wahenga walikwisha kuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika mfano wa tarishi, nani alifanya kosa, na ni nani katika ruta anayelingana naye?
2. Kwa nini neno gumu la siri peke yake halikutosha katika matukio ya mwaka 2018 na 2023?
3. Taja mambo mawili ya kuhakikisha kabla ya kuanza kusasisha programu endeshi.
4. Ruta yako ni ya aina gani, toleo lipi, na ilisasishwa lini mara ya mwisho? Asiyeweza kujibu swali hili aanze na Hatua ya 1 jioni ya leo.